Si Uzee Tu: Mafunzo Niliyopata Kwenye Kliniki ya Presha

Ukikaa miaka mingi nyuma ya meza ya kupimia presha, maelezo ya wagonjwa unayajua kabla hawajavuta kiti. Miguu imevimba, ni uzee. Kupanda kilima cha kwenda nyumbani kumekuwa kazi, ni uzee. Kizunguzungu cha asubuhi, nacho ni uzee. Mimi ni muuguzi hapa Tanga, na wengi wanaofika kliniki yetu wamevuka miaka 60. Wanaosema hivyo si wao tu. Watoto wanaowasindikiza husema vilevile, na wako wahudumu wa afya wanaoitikia kwa kichwa.

Maneno hayo yana ukweli ndani yake, ndiyo maana ni magumu kuyapinga. Katika hesabu ya hatari ya ugonjwa wa moyo, umri una uzito mkubwa kuliko karibu kila kitu kingine. Lakini yako mambo ambayo umri huyafanya wenyewe, na yako mengi ambayo tunausingizia. Kuyatenganisha hayo mawili ndiko kulikonifunza haya yanayofuata.

1. Umri peke yake si jibu la kutosha

Bibi mmoja kutoka upande wa Pangani aliletwa na mjukuu wake kwa ajili ya kuchukua dawa tu. Baada ya shikamoo na marahaba, nikamuuliza analalaje. "Nalalia mito mitatu, mwanangu. Nikilala chali pumzi inakata. Ndio uzee huo, tushazoea." Nilimbonyeza mfupa wa mguu juu kidogo ya kifundo. Nilipoondoa kidole gumba, shimo likabaki pale pale, likachukua muda kujaa.

Mtu anayelalia mito mitatu ana jambo la kuchunguzwa. Moyo ukishindwa kusukuma damu inavyotakiwa, maji hujikusanya miguuni mchana. Akilala chali usiku, maji yale hurudi juu na kuelemea mapafu, ndiyo maana anaona afadhali akiwa amekaa. Daktari alimsikiliza mapafu, akaagiza kipimo cha moyo cha mawimbi ya sauti, akamwanzishia dawa ya kutoa maji na nyingine za kuusaidia moyo. Wiki chache baadaye bibi alikuwa analalia mto mmoja, na miaka yake ilikuwa ile ile.

Tangu hapo simuulizi mzee kama anachoka, maana kila mzee atasema anachoka. Namuuliza: "Mwaka jana wakati kama huu ulikuwa unafanya nini ambacho sasa kimekushinda?" Hapo ndipo yanapotoka. Alikuwa anakwenda sokoni mwenyewe, sasa anaagiza. Alikuwa anasali kwa kusimama, sasa anasali juu ya kiti. Wazee hupunguza shughuli kidogo kidogo ili pumzi isiwaishie, halafu wanakuambia hawana tatizo la pumzi.

2. Kazi ya umri ni ya kweli, tusiidharau

Ukitaka kumtoa mtu kwenye "uzee tu", mwambie kwanza uzee unafanya nini. Mishipa mikubwa ya damu ya kijana inavutika. Moyo unaposukuma, mshipa hutanuka ukapokea msukumo, kisha hurudi. Kadiri miaka inavyokwenda, nyuzi zinazouwezesha kuvutika huchakaa na mshipa hukakamaa, kama mpira wa kumwagilia bustani ulioachwa juani misimu mingi. Msukumo hauna tena pa kupokelewa, kwa hiyo namba ya juu ya presha hupanda. Kuanzia miaka ya 50 na 60 namba ya chini huanza kushuka, kwa sababu mshipa mgumu hauishikilii tena presha moyo unapopumzika.

Moyo nao hubadilika. Kuta zake hunenepa kwa kusukuma dhidi ya mishipa migumu, na moyo wenye kuta nene hauwi mwepesi kulegea ili ujae damu. Vali zinaweza kuota chokaa. Chembe zinazopanga mapigo hupungua. Hata kasi ya juu kabisa ambayo moyo unaweza kufikia hushuka. Kanuni ya kukadiria ni 220 kutoa umri wako, kwa hiyo mwenye miaka 30 anakadiriwa mapigo 190 kwa dakika, na mwenye 70 anakadiriwa 150.

Mengi tunayoyajua kuhusu hatari za moyo yalianzia mji mdogo wa Framingham, jimbo la Massachusetts, Marekani. Mwaka 1948 madaktari walianza kuwafuatilia watu 5,209 waliokuwa bado hawajaugua, wakingoja kuona nani ataugua moyo na kwa nini. Kutoka kwao, na kutoka tafiti zilizofuata, zikapatikana jedwali za kukadiria hatari. Za Shirika la Afya Duniani (WHO), zilizofanyiwa marekebisho mwaka 2019, zimetengenezwa kwa watu wa miaka 40 hadi 74. Humo wawili wenye presha moja na wote wasiovuta sigara hawapati jibu moja. Mwenye 45 anaweza kuangukia rangi ya kijani, na mwenye 70 akaangukia rangi ya tahadhari.

Wengi huliona jibu hilo kama hukumu. Mimi naliona kinyume. Ikiwa hatari ya mzee ni kubwa, basi kila nukta ya presha inayopungua inamwokoa yeye zaidi kuliko inavyomwokoa kijana.

3. Kwa mzee, itazame namba ya juu

"168 kwa 72." Nikisoma hivyo, mzee anayefuatilia mambo yake hunijibu, "Lakini ya chini si nzuri?" Ni nzuri kwa macho. Ile tofauti kubwa kati ya namba mbili ndiyo alama ya mishipa iliyokakamaa, na namba ya juu ndiyo inayogonga ubongo, figo na moyo kila pigo.

Zamani kulikuwa na hofu ya kweli miongoni mwa madaktari kwamba kumpa dawa za presha mtu wa miaka 80 ni kumuumiza. Utafiti uitwao HYVET, uliochapishwa mwaka 2008, uliwachukua watu 3,845 wenye miaka 80 na kuendelea, nusu wakapewa dawa na nusu vidonge visivyo na dawa. Ulisimamishwa kabla ya wakati kwa sababu tofauti ilishaonekana. Waliopewa dawa vifo vyao vilipungua kwa asilimia 21, na tatizo la moyo kushindwa kufanya kazi likapungua kwa asilimia 64.

Ila lengo la mzee hupangwa na daktari kwa kumtazama mzee mwenyewe, na kuna kipimo kimoja ambacho hakitakiwi kusahauliwa: presha ya kusimama. Mpime amekaa, kisha asimame, umpime tena ndani ya dakika tatu. Namba ya juu ikianguka kwa 20 au zaidi, hicho ndicho kizunguzungu chake cha asubuhi, na ndicho kitakachomwangusha chooni usiku. Daktari aambiwe, dawa zipangwe upya. Nyumbani, mzee akiamka akae ukingoni mwa kitanda kwanza, achezeshe miguu, ndipo anyanyuke akiwa ameshika kitu.

4. Presha kupanda na umri si sheria ya maumbile

Hili nililisoma nikiwa nishazoea kuamini kwamba kila anayezeeka presha yake itapanda. Miaka ya 1920, daktari Mwingereza aitwaye Donnison alifanya kazi Kavirondo Kusini, magharibi mwa Kenya. Aliwapima presha Waafrika 1,000 hivi na kuchapisha matokeo yake mwaka 1929 katika jarida la Lancet. Presha zao hazikupanda baada ya miaka 40. Zilielekea kushuka, tofauti kabisa na za Wazungu wa umri huo.

Miongo mingi baadaye, watafiti waliwafuatilia Wajaluo waliotoka vijijini magharibi mwa Kenya kwenda kuishi Nairobi. Presha ilianza kupanda mapema tu baada ya kuhamia mjini. Damu ilikuwa ile ile na ukoo ule ule, ila chumvi mwilini iliongezeka, madini ya potasiamu yatokanayo na matunda na mboga yakapungua, na uzito ukaanza kupanda. Huko msitu wa Amazon nako, Wayanomami, ambao hawatumii chumvi ya kuongeza kwenye chakula, wamepimwa wakakutwa presha zao hazipandi na umri.

Kwa hiyo sehemu ya kile tunachokiita uzee ni jumla ya miaka tuliyokula namna fulani. WHO inashauri chumvi isizidi gramu 5 kwa siku kwa mtu mzima, ambayo ni kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa, pamoja na ile iliyomo ndani ya vyakula. Hapa pwani ndipo ninapopata upinzani. Papa wa chumvi na ng'onda havigusiki, achari haikosi kwenye pilau, na siku hizi kila mchuzi unatiwa kidonge cha kuungia. Mama mmoja aliniapia kwamba kwake hakuna chumvi. Nilipomuuliza maharage anayapikaje, akasema anayatia magadi yaive upesi. Magadi nayo yana sodiamu, ile ile iliyomo kwenye chumvi. Simwambii mtu aache papa. Namwambia amloweke usiku, ayamwage yale maji, na sufuria yenye papa isitiwe chumvi nyingine.

5. Kwa mwanamke, hesabu huanzia kwenye ujauzito

Wanawake wengi hudhani ugonjwa wa moyo ni wa wanaume. Wanaume huwahi kweli. Mwanamke kwa kawaida huchelewa kwa miaka kati ya 7 na 10, kisha baada ya ukomo wa hedhi anaanza kuwafikia. Presha hupanda, lehemu kwenye damu hupanda, na mafuta huhamia kiunoni.

Swali ambalo sasa namuuliza kila mama aliyevuka 45 ni hili: "Ulipokuwa na mimba, uliwahi kuambiwa presha imepanda au kifafa cha mimba?" Wengine hucheka, maana mtoto mwenyewe ana watoto. Lakini mwanamke aliyepata presha ya mimba ya namna hiyo hatari yake ya ugonjwa wa moyo baadaye ni kama maradufu ya mwenzake ambaye hakuipata. Wengi walijifungua, presha ikashuka, wakarudi nyumbani na hawakupimwa tena mpaka nywele zimekuwa nyeupe. Taarifa hiyo ni ya kumwambia daktari hata kama ni ya miaka 30 iliyopita.

6. Mshtuko wa moyo wa mzee hauji kama kwenye sinema

Kwenye sinema mtu hushika kifua na kuanguka. Kwa wazee, na hasa wenye kisukari, maumivu ya kifua yanaweza yasiwepo kabisa, kwa kuwa mishipa ya fahamu imeshapungukiwa nguvu ya kutoa taarifa. Kinachokuja ni pumzi kukatika ghafla, jasho la baridi, kichefuchefu, kitu kama kiungulia kisichosikia dawa, uchovu usioelezeka, au mzee kuanza kuchanganya maneno. Nyumbani hupewa chai ya tangawizi na kuambiwa apumzike. Dalili hizo zikimjia mzee kwa ghafla, mahali pake ni hospitali, siku hiyo hiyo na saa hiyo hiyo.

Jambo jingine linalopita kimya ni mapigo yasiyo na mpangilio. Weka vidole viwili chini ya kidole gumba cha mzee wako, upande wa ndani wa kifundo cha mkono, uhesabu kwa dakika moja. Mapigo yanatakiwa yaje kwa mpangilio. Ukikuta yanaruka, yanakimbia, yanachelewa bila utaratibu wowote, mpeleke akapimwe umeme wa moyo. Hali hiyo huongezeka sana na umri. Vyumba vya juu vya moyo hutetemeka badala ya kusukuma, damu hutuama na kuganda, na bonge likipanda kwenye ubongo huleta kiharusi. Mwenye tatizo hilo hatari yake ya kiharusi ni kama mara tano ya asiye nalo, na zipo dawa za kuzuia damu isigande ambazo huipunguza sana.

7. Mimina mezani dawa zote, hata za jirani

Nikisema "nipe dawa unazotumia", napewa zile za kliniki. Nikisema "nionyeshe kila kitu unachomeza", pindo la kanga linafunguliwa. Humo ndimo ninamokutana na vidonge vya magoti.

Wazee wengi wana presha na maumivu ya viungo kwa pamoja. Diklofenaki na ibuprofeni zinauzwa kila duka la dawa, na mzee akimeza leo anatembea vizuri kesho. Lakini dawa hizo hushikilia chumvi na maji mwilini, hupunguza nguvu ya dawa za presha, huumiza figo na huongeza hatari ya mshtuko wa moyo. Nimeona mgonjwa akiongezewa dawa ya presha mara mbili, kumbe kinachoipandisha kimefungwa kwenye pindo. Maumivu ya magoti yasemwe kwa daktari ili yatafutiwe njia nyingine.

Kuna aspirini ndogo pia, ambayo watu hushauriana barazani kwamba ukifika 60 uanze kumeza "kulainisha damu". Kwa aliyekwisha kupata mshtuko wa moyo au kiharusi cha damu kuganda, daktari anaweza kuwa na sababu nzuri ya kumpa. Kwa mzee ambaye hajapata lolote kati ya hayo, utafiti mkubwa uliotolewa mwaka 2018, uitwao ASPREE, haukuona faida kwa wenye miaka 70 na kuendelea. Ulichoona ni kuvuja damu kulikoongezeka.

Na miguu ikivimba, usikimbilie kusema moyo kabla hujatazama dawa. Amlodipini, ambayo wengi wetu tunaitoa kwa presha, inaweza kuvimbisha vifundo vya miguu. Hilo ni la kumwambia daktari aamue, lisiwe sababu ya kuacha dawa kimyakimya. Wala presha kuwa 128 leo si cheti cha kupona. Imekuwa 128 kwa sababu dawa zinamezwa.

8. Kupima kuna adabu yake

Wazee wetu hupitia kwanza kahawani. Wanakunywa vikombe viwili, wanatembea juani mpaka kliniki, kisha wanataka kupimwa wakiwa bado wanahema na mkono wa kanzu umekunjwa hadi begani. Namba itakayotoka hapo ni ya safari. Nusu saa kabla ya kupima pasiwe na kahawa wala sigara. Haja ndogo imalizwe. Mtu akae dakika tano ameegemea kiti, nyayo chini, miguu isipishane, mkono umewekwa mezani usawa wa moyo, mkanda ufungwe juu ya ngozi. Asizungumze. Upime mara mbili, uandike zote mbili na tarehe. Daftari la namba za nyumbani humsaidia daktari kuliko namba moja ya kliniki.

9. Hakuna aliyechelewa, na hakuna aliyewahi mno

Mvutaji wa miaka 60 huniambia, "Sasa niache ili iweje?" Jibu lipo. Madaktari wa Uingereza walifuatiliwa kwa nusu karne, na matokeo yaliyotolewa mwaka 2004 yalionyesha kwamba aliyeacha sigara akiwa na miaka 60 alijiongezea kama miaka 3 ya kuishi. Aliyeacha akiwa na 50 alijiongezea kama 6, akiwa na 40 kama 9, na akiwa na 30 kama 10. Miaka mitatu ni wajukuu kumaliza shule. Na kutembea hakuhitaji viatu vya bei. Mzee anayekwenda msikitini au kanisani kwa miguu, kwa mwendo unaomruhusu kuongea lakini si kuimba, anafanya mazoezi tayari.

Upande wa pili wa jedwali ile ya kukadiria hatari, ule wa umri mdogo, yuko anayemsindikiza mzee. Mwaka 1953 madaktari wa Marekani walichapisha uchunguzi wa mioyo ya wanajeshi waliouawa vitani Korea, vijana wenye wastani wa miaka 22. Kwa walio wengi, mishipa ya moyo ilishaanza kuonyesha dalili za ugonjwa. Tunachokiona kwa mzee wa 70 kina safari ndefu nyuma yake.

Ndiyo maana kwenye kliniki yetu, nikishamaliza na mama, mkanda naufunga kwenye mkono wa mwanawe aliyemleta. Wengi hukataa kwanza: "Mimi bado kijana, nesi." Ana 41, ana kitambi, baba yake alifariki kwa kiharusi, na hajawahi kupimwa. Nampima, namwandikia namba kwenye kipande cha karatasi, namwambia arudie kupimwa presha kila mwaka, na ikizidi 140 kwa 90 asisubiri huo mwaka. Akifika umri wa mama yake atakuwa na mishipa migumu kiasi, hilo halikwepeki. Ila figo, ubongo na moyo atakavyokuwa navyo siku hiyo vinaamuliwa sana na namba hizi anazoanza kuandikiwa leo.